Shajara ya mradi: ripoti ya maabara kwa mtu ambaye hakuwepo

Januari, muhula unaanza

Mradi umeanza. Lengo ni moja: wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa ujenzi hapa Malindi waandike ripoti za maabara ambazo mtu asiyekuwepo siku ya jaribio anaweza kuzisoma, akazielewa, kisha akaamua jambo. Mtu huyo anaweza kuwa fundi mwashi, msimamizi wa mjengo, au mhandisi mwenye mafaili mengi mezani na nafasi ndogo ya kuyasoma. Hakuwepo, hakuona, na wa kumuuliza hana. Karatasi ndiyo itakayomjibu.

Mwanafunzi hajazoea kumwandikia mtu huyo. Amezoea kumwandikia mwalimu, na mwalimu alikuwepo, vifaa anavijua, jibu analo. Ndiyo maana mambo ya msingi yanarukwa na mapambo yanajaa.

Nimepitia rundo la ripoti za muhula uliopita. Muhtasari unasema jaribio "lilifanyika kwa mafanikio" na haulitaji hilo jibu lenyewe. Sehemu ya mbinu imenakiliwa kutoka karatasi ya maelekezo, hata amri zimebaki amri: chukua, mimina, koroga. Matokeo yana tarakimu zote zilizotolewa na kikokotoo. Na kwenye mjadala, karibu kila ripoti, kosa limetupwa kwa "makosa ya kibinadamu", basi, limekwisha. Kuna ripoti ambazo vipimo vyake vinafanana hadi tarakimu ya mwisho, maana ripoti za vikundi vya nyuma zinazungushwa kwenye WhatsApp. Siwezi kuwalaumu vijana peke yao. Ukimpa mtu jaribio ambalo jibu lake limejulikana tangu jadi, unamfundisha kwamba kuandika ni kujaza nafasi.

Uamuzi wa kwanza basi: majaribio ya muhula huu yatakuwa yale ambayo jibu lake hakuna mtu darasani anayelijua kabla ya kupima.

Januari, wiki ya mwisho

Nimechagua mawili. La kwanza ni tope ndani ya mchanga wa kujengea. La pili, baadaye, ni kupinda kwa mti wa mkoko.

Jaribio la tope halina gharama, na hapa Malindi lina maana kila siku. Tope laini hufunika chembe za mchanga, simiti ikakosa kushika sawasawa; tena hunywa maji, fundi akaongeza maji ili zege lilainike, na zege lililozidishwa maji hupungua nguvu. Utaratibu ni huu: unatia mililita 50 za maji yenye chumvi asilimia 1 kwenye silinda ya kupimia, unaongeza mchanga hadi ufike alama ya 100, unaongeza maji yale yale hadi 150, unatikisa kwa nguvu, unaiweka silinda mahali pa tuli, unaiacha saa tatu. Mchanga unakaa chini, tope linalala juu yake, nawe unasoma unene wa kila tabaka. Chumvi kidogo inasaidia chembe za tope zishikane na kutua upesi.

Kila mwanafunzi ataleta mchanga wa kwao. Wa Mambrui alete wa Mambrui, wa Marafa wa Marafa, wa Ganda wa Ganda. Hapo hakuna ripoti ya mwaka jana itakayomfaa.

Ripoti ya mwisho itaandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani unataka hivyo. Mazungumzo na rasimu ya kwanza vitakuwa kwa Kiswahili. Nimeliona hili kwa miaka: ukimuuliza kijana "uliona nini?" anakueleza vizuri kabisa, hatua kwa hatua, hata mahali alipokuwa na wasiwasi anapasema. Akishika kalamu kuandika Kiingereza cha ripoti, anaanza kuazima sentensi za watu wengine na yale aliyoyaona yanapotea. Nataka aliyoyaona yaandikwe kwanza.

Februari, mchanga umefika

Meza ya maabara imependeza leo. Mchanga wa mto Sabaki wenye rangi ya kahawia, wa Marafa mwekundu kama udongo wa Nyari, lile korongo la huko huko Marafa, wa ufuoni mweupe wenye vipande vya kombe. Kijana mmoja amekuja na mchanga wa kwenye lundo la mjengo Kisumu Ndogo. Akaniuliza aandike umetoka wapi, maana mwenye mjengo amemwambia Sabaki lakini hakuona ukichotwa. Nikamwambia aandike hivyo hivyo: umechukuliwa kwenye lundo la mjengo, muuzaji alisema ni wa Sabaki, hatukuthibitisha. Sentensi hiyo ina thamani kubwa kuliko kurasa mbili za nadharia. Msomaji sasa anajua amwamini kiasi gani.

Jioni nimekusanya rasimu za sehemu ya mbinu. Hii ni moja, nimeinakili ilivyo:

"Mchanga ulichukuliwa na kuwekwa kwenye chombo pamoja na maji. Chombo kilitikiswa vizuri na kuachwa kwa muda. Baada ya hapo vipimo vilichukuliwa kwa uangalifu mkubwa."

Mwandishi wake ni msichana makini sana, nilimwona akifanya kazi. Nikakaa naye, nikamuuliza kwa mdomo tu. Mchanga wapi? Ukingo wa Sabaki, upande wa Malindi, chini ya daraja. Juu juu au ulichimba? Alichimba kiasi cha kiganja, kwa sababu juu kulikuwa na majani. Mkavu? La, ulikuwa na unyevu. Ulitikisa vipi? Aliziba mdomo wa silinda kwa kiganja, akaipindua na kuirudisha mpaka hakubaki mchanga ulioganda chini. Muda gani ukaacha? Saa tatu, saa ya ukutani. Yote alikuwa nayo kichwani. Akaandika upya:

"Mchanga ulichotwa ukingo wa mto Sabaki, upande wa Malindi, chini ya daraja, kwa kuchimba kama sentimita 10 ili kuondoa majani ya juu. Ulipimwa ukiwa na unyevu, bila kukaushwa. Silinda ya mililita 250 ilizibwa kwa kiganja ikapinduliwa na kurudishwa mpaka hakuna mchanga ulioshikana chini. Iliachwa juu ya meza ya zege kwa saa 3. Vipimo vilisomwa jicho likiwa sawa na mstari wa mpaka."

Hakuna neno gumu hata moja. "Uangalifu mkubwa" umeondoka wenyewe, kwa sababu uangalifu sasa unaonekana.

Februari, silinda moja majibu mawili

Leo wanafunzi wawili waliotumia silinda moja wameleta asilimia tofauti, na kila mmoja ameshikilia yake. Tope mililita 5, mchanga ulio chini yake mililita 78; hapo wanakubaliana. Mmoja amegawanya 5 kwa 78, akapata 6.4. Mwenzake amegawanya 5 kwa jumla ya tabaka zote mbili, 83, akapata 6.0. Hesabu zote ni sahihi. Ripoti zote mbili zilikuwa na kasoro moja: hakuna iliyosema imegawanya kwa nini.

Nimesimamisha darasa zima kwa jambo hili. Katika mradi huu tunagawanya kwa ujazo wa mchanga, na kila ripoti itaandika hivyo, na itaweka vipimo vyenyewe, 5 na 78, kwenye jedwali. Asilimia peke yake haitoshi. Ukimwachia msomaji vipimo vya asili anaweza kuhesabu kwa njia yake. Ukimwachia asilimia tupu umemfungia mlango.

Kisha tukaja kwenye tarakimu. Kikokotoo kinasema 6.41025641. Nikawauliza: mpaka kati ya tope na mchanga mnauona mkali kama wembe? Wakainama kuangalia tena. Mpaka una ukungu, na silinda yenyewe imegawanywa kwa mililita 2, kwa hiyo mililita 1 juu au chini ni halali kabisa kwa tope lile. Kama tope ni 4, jibu ni 5.1. Kama ni 6, jibu ni 7.7. Basi tunaandika: takriban asilimia 6, kati ya 5 na 8.

Kijana mmoja alinuna. Alihisi kwamba jibu lenye nafasi pana namna hiyo linamfanya aonekane hakujua kupima. Nimemwelewa, maana shuleni amepewa alama kwa tarakimu nyingi. Nikamwonyesha jambo hili: kikomo tulichopewa kwenye zoezi ni asilimia 8, kwa hiyo mchanga ule unapita hata ukichukua upande mbaya wa kipimo. Lakini msimamizi mwingine akiweka kikomo cha 6, ripoti ile ile inamwambia ukweli mwingine: kwa silinda hii hatuwezi kuamua, rudia kwa silinda nyembamba au kwa mchanga mwingi zaidi. Aliyeandika 6.41025641 angemwambia msimamizi kwamba mchanga umefeli, na angekuwa ameukataa bila ushahidi. Kijana akaacha kununa, akaomba silinda nyembamba.

Machi, mchanga mweupe

Hili ndilo lililonifanya nione mradi una maana, kwa hiyo naliandika kwa urefu.

Silinda yenye tope dogo kuliko zote ilikuwa ya mchanga wa ufuoni. Tope karibu halionekani, utando tu juu ya mchanga mweupe. Na hitimisho la kikundi lilikuwa: "Mchanga wa ufuoni ndio safi zaidi, hivyo unapendekezwa kwa zege."

Jaribio lilifanywa vizuri. Mbinu imeandikwa vizuri. Jedwali safi, vizio vipo. Sentensi moja ya mwisho ingeweza kumponza mtu nyumba. Mchanga wa bahari una chumvi, na kloridi iliyomo kwenye chumvi hiyo ikifika kwenye vyuma vilivyo ndani ya zege huharibu kinga iliyo juu ya chuma, kutu ikaanza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inalisukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka na kubanduka. Anayetembea Malindi akiangalia juu ameona mabaraza ya namna hiyo, vyuma vimetoka nje vikiwa vimevimba na kuwa vyekundu.

Silinda yetu haipimi chumvi. Haiwezi. Tena tumeitia maji ya chumvi wenyewe!

Sikutaka kuwaambia moja kwa moja. Siku hiyo alikuwa amekuja fundi mwashi wa Mambrui, mtu mzima aliyejenga miaka mingi, ambaye nilimwomba awe msomaji wetu wa kwanza wa nje. Wanafunzi wakasimama. "Shikamoo fundi." "Marahaba wanangu." Akapewa rasimu ya Kiswahili ya kikundi kile, akaisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Akafika mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

"Hapa mmesema safi," akasema. "Safi wa kazi gani? Wa lipu, wa slabu, au wa kumwaga uani?"

Kimya.

"Na hapa mlipopima, chumvi iko wapi?"

Msichana wa kikundi kile akajibu, "Chumvi hatukuipima, mzee."

"Basi andikeni kwamba hamkuipima. Mimi nikisoma hivi nitakwenda kuchota."

Nikawaachia dakika za kutosha wakakaa wenyewe na ile karatasi. Hitimisho lililorudi ni hili: "Mchanga huu wa ufuoni una tope kidogo sana, chini ya kipimo ambacho silinda yetu inaweza kusoma kwa uhakika. Jaribio hili halipimi chumvi. Kwa kuwa mchanga umetoka baharini, usitumike kwenye zege lenye vyuma kwa kutegemea matokeo haya."

Kuanzia leo kila hitimisho katika mradi huu litakuwa na sentensi inayosema jaribio halikupima nini. Nimeiandika kwa wino mwekundu kwenye mwongozo wa ripoti ninaowaandalia. Wahandisi wengi wanaogopa sentensi hiyo, wakidhani inapunguza hadhi ya kazi. Naamini kinyume chake: ndiyo inayomlinda mtu atakayejenga.

Kikundi kimeomba wapime chumvi. Tunayo nitrati ya fedha kidogo, dawa inayogeuza maji kuwa meupe kloridi ikiwemo. Wameosha mchanga kwa maji yaliyokenekwa, wakachuja, wakatia matone machache. Maji yakageuka meupe papo hapo. Nimewataka wafanye vivyo hivyo kwa maji yale yale bila mchanga, ili msomaji ajue weupe haukuletwa na maji. Yale yalibaki maangavu. Wameandika "kloridi ipo", hawakuandika kiasi, kwa sababu kiasi hawakukipima. Nimefurahi kuliona hilo bila kuwakumbusha.

Machi, kabla ya kufunga muhula: mti wa mkoko

Jaribio la pili. Tumepata mti wa mkoko kutoka paa la makuti lililobomolewa, mkavu, umenyooka vya kutosha. Tumeuweka juu ya vigingi viwili vilivyoachana mita 1, tukaning'iniza dumu la maji katikati, tukapima mti unashuka kiasi gani kwa kipimo cha mshale chenye hatua za milimita 0.01. Tunatafuta ugumu wa mti wenyewe, E, kwa kanuni ya mhimili ulioegemezwa ncha mbili na kubebeshwa katikati: E = FL³ ÷ (48 × δ × I), ambapo F ni mzigo, L ni nafasi kati ya vigingi, δ ni mshuko, d ni kipenyo, na I ni kipimo cha umbo la mti, ambacho kwa mti wa duara ni πd⁴ ÷ 64.

Mwenye asili ya pwani haoni ajabu tunapoanza na mti huu. Vyumba vya magofu ya Gede ni vyembamba na virefu, na nyumba za mawe za Lamu vivyo hivyo, kwa kuwa dari ililazwa juu ya boriti na boriti haivuki nafasi kubwa. Kanuni inasema kwa nini: urefu uko kwenye kipeo cha tatu. Ongeza nafasi mara mbili, kwa mzigo ule ule mti utashuka mara nane. Wajenzi wa zamani walilijua hilo kwa mikono.

Lakini somo la ripoti lilikuwa kwenye kipenyo. Kikundi cha kwanza kiliandika: kipenyo milimita 40, mzigo newtoni 200, mshuko milimita 2.20, E ni gigapaskali 15.0715. Na chini yake, kwenye mjadala: "Tofauti ndogo zinaweza kuwa zimetokana na makosa ya kibinadamu."

Nimewapiga marufuku maneno hayo mawili. Anayeyatumia lazima aseme mtu gani, alifanya nini, kipimo kikaenda juu au chini, na kwa kiasi gani. Akishindwa kujibu, basi hana alichosema.

Wakarudi kwenye mti na kalipa. Wakapima katikati kwa upande mmoja: 39. Wakazungusha: 41. Mti wa msituni si bomba la kiwandani, una mgongo na tumbo. Sasa, kipenyo kiko kwenye kipeo cha nne. Milimita 1 kati ya 40 ni asilimia 2.5, inaonekana ndogo. Ikipanda kipeo cha nne inakuwa kama asilimia 10. Ukiweka 39, E inakuwa 16.7. Ukiweka 41, inakuwa 13.7. Kipimo cha mshale ambacho kila mtu alikihofia, chenye hatua za milimita 0.01, mchango wake katika shaka yote ni mdogo kabisa. Shaka nzima imetoka kwenye kipenyo, pale ambapo kila mmoja alipima mara moja akaenda zake.

Mjadala wao mpya: "E ni takriban gigapaskali 15, kati ya 13.7 na 16.7. Karibu shaka yote inatokana na mti kutokuwa duara kamili (milimita 39 hadi 41). Kupima mshuko kwa usahihi zaidi hakutasaidia. Kupima kipenyo sehemu nyingi kutasaidia. Mti ulikuwa mkavu. Mti mbichi unaweza kutoa jibu tofauti."

Aya hiyo inamwambia anayefuata wapi aweke nguvu zake. Mjadala wa ripoti una kazi gani nyingine?

Machi, dumu na newtoni

Nimelitenga hili kwa sababu limejitokeza kwenye vikundi kadhaa: "Mzigo: 20". Ishirini nini? Wengine lita, wengine kilo, wengine wametia 20 hiyo kwenye kanuni kama newtoni. Dumu la lita 20 likijazwa lina maji ya kilo 20, na plastiki yenyewe ina uzito, na kamba pia. Tumelipima kwenye mizani ya kuning'iniza, ya samaki: kilo 20.4. Zidisha kwa 9.81, ni newtoni 200. Aliyetia 20 badala ya 200 amepata mti laini mara kumi kuliko ulivyo, na hakushtuka, kwa sababu namba bila kizio haimshtui mtu.

Mwanafunzi mmoja ni wa Ngomeni, kwa hiyo nikalileta nyumbani kwao. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo Ngomeni, ilirushwa satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, na ilifanya kazi yake. Karibu miaka 29 baadaye, Septemba 1999, chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika sayari ya Mirihi. Programu ya upande mmoja ilitoa msukumo wa injini kwa ratili za nguvu zilizozidishwa na sekunde, upande wa pili ukasoma namba zile zile kama newtoni zilizozidishwa na sekunde. Ratili moja ya nguvu ni kama newtoni 4.45. Chombo kilipita chini kuliko kilivyokusudiwa, kikapotea. Namba zilikuwepo, watu walikuwa werevu, na kilichokosekana pale walipokabidhiana ni kizio.

Kijana wa Ngomeni ameomba awe mkaguzi wa vizio wa darasa. Anapita na kalamu ya kijani, na hana huruma.

Mei, muhula mpya na mvua

Sabaki imejaa, na ghuba ya Malindi imekuwa nyekundu mpaka mbali. Waliochota Februari wamerudi mahali pale pale kuchota tena. Tabaka la tope limekuwa nene zaidi, na baada ya saa tatu maji ya juu bado yalikuwa na ukungu. Kwa hiyo tarehe ya kuchota imeingia kwenye muhtasari wa kila ripoti ya mchanga wa mto. Jibu la Februari si jibu la Mei.

Mei, kubadilishana mbinu

Zoezi nililolisubiri tangu Januari. Kila kikundi kimepewa sehemu ya mbinu ya kikundi kingine, bila matokeo, bila kuongea na waandishi, na kimetakiwa kurudia jaribio kwa karatasi hiyo peke yake. Waandishi walikaa nyuma, midomo imefungwa. Wengine waliteseka kwelikweli.

Palipokwama ni mahali padogo padogo. "Tikisa vizuri": kikundi kimoja kilitikisa kidogo tu, mchanga ukabaki umeganda chini na tope likiwa ndani yake. "Weka mahali tulivu": waliweka kwenye meza iliyo karibu na jenereta, mtetemo ukaendelea kuukandamiza mchanga. "Soma kiwango": mmoja alisoma kwa kuangalia kutoka juu. Kwenye mti, karatasi haikusema mita 1 imepimwa kutoka wapi hadi wapi, wakaweka mti wenye urefu wa mita 1 juu ya vigingi, kumbe urefu unaotakiwa ni kati ya kigingi na kigingi. Kwa kipeo cha tatu hilo si dogo hata kidogo.

Baada ya zoezi sikuhitaji kusahihisha. Waandishi waliomba karatasi zao warekebishe wenyewe, huku wakibishana na walioshindwa kuzifuata. Kelele ilikuwa kubwa na yote ilikuwa juu ya jambo lenyewe.

Juni, mwongozo ulivyo sasa

Mwongozo umefikia kurasa mbili, nami nakusudia ubaki hapo. Unaanza na muhtasari kwa sababu msomaji anaanza hapo, ingawa mwandishi huuandika mwisho: jibu na kizio chake, kuyumba kwake, sampuli imetoka wapi na lini, nini hakikupimwa. Umeweka mfano mmoja kamili, ule wa msichana wa Sabaki, kwa ruhusa yake:

"Mchanga wa ukingo wa Sabaki, chini ya daraja, uliochotwa Februari kabla ya mvua, una tope la takriban asilimia 6 ya ujazo wa mchanga (kati ya 5 na 8). Uko ndani ya kikomo cha asilimia 8. Chumvi haikupimwa. Matokeo hayahusu mchanga uliochotwa baada ya mvua."

Fundi wa Mambrui ameisoma hiyo, akauliza swali moja tu: nani atapima tena mvua zikiisha? Hilo ni swali la kazi, si swali la kutoelewa, na nimeliandika kwenye ratiba ya Agosti.

Kuhusu nadharia nimekata sana. Ripoti zilikuwa zikianza na ukurasa mzima wa historia ya simiti. Sasa utangulizi unajibu: tunataka kujua nini, na atakayeamua kwa jibu hili ni nani. Mwenzangu wa somo la nadharia hakubaliani nami, anasema wanafunzi watasahau misingi. Tumepatana kwamba nadharia itapimwa kwenye mtihani wake, na ripoti itabeba ile inayotumika kwenye hesabu tu.

Grafu bado. Wengi wanaunganisha nukta kwa nukta, mstari unapanda na kushuka kama ngazi mbovu, badala ya kuchora mstari mmoja ulionyooka unaopita katikati ya nukta na kutumia mteremko wake. Kwa mti wa mkoko hilo lina faida halisi: ukibebesha lita 5, 10, 15 na 20, mteremko unakupa E bila kutegemea kipimo kimoja, na kama mti ulikuwa haujakaa sawa juu ya vigingi mwanzoni, utaliona kwa sababu mstari hautapita kwenye sifuri. Ukurasa wa grafu ndio kazi ya wiki hii. Mti wa pili umekwisha kuletwa, huu mbichi, na dumu limejazwa.